Mbwa mkali si lazima mlinzi mzuri: jinsi mbwa wa kulinda mtu anavyochaguliwa na kufundishwa

Katika miji mingi ya mashariki na kusini mwa RDC, jua likitua tu, mlango wa lupango unafungwa kwa mnyororo na mbwa anafunguliwa. Wizi wa kutumia silaha umewasukuma wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Beni, Bunia na Lubumbashi kutafuta kila njia ya kulala kwa usalama: ukuta mrefu, vipande vya chupa juu ya ukuta, zamu mwenye firimbi, na sasa mbwa wa kigeni anayeuzwa kwa dola. Lakini wanaoijua kazi ya kufundisha mbwa wanarudia jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawapendi kulisikia: mbwa mkali na mbwa mlinzi si kitu kimoja.

Mitaani kuna imani ya zamani kuhusu namna ya kutengeneza mlinzi. Mbwa afungwe kwa mnyororo mchana kutwa, apewe chakula kidogo, achanganyiwe pilipili, apigwe fimbo, na watoto wa jirani wamrushie mawe kupitia tundu la mlango. Baada ya miezi michache mbwa huyo anarukia kila kinachotikisika, na mwenye nyumba anafurahi: sasa nina mlinzi.

Ukweli ni kwamba ana mnyama mwenye hofu na uchungu. Mbwa wa namna hiyo hatofautishi mwizi na mtoto wa nyumbani aliyefuata mpira. Atamuuma mama anayeleta kuni, atamuuma mgeni wa msibani, na siku moja atamuuma mwenye mkono unaomlisha. Na kwa kuwa amezoea njaa, mwizi mwenye akili akimtupia kipande cha nyama usiku, anaacha kubweka na kula. Familia inabaki na hatari mbili: ile ya nje ya ukuta na ile waliyoilea wenyewe ndani.

Kazi tatu tofauti

Kabla ya kununua mbwa, mtu anapaswa kujua anataka kazi gani, maana kuna kazi tatu ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kutoa taarifa. Mbwa anasikia hatua nyuma ya ukuta na anabweka. Hahitaji kuuma. Kazi yake ni kuamsha watu na kumwambia mwizi kwamba ameonekana. Mbwa wetu wa kienyeji anaweza kuifanya vizuri, na kwa nyumba nyingi hiyo inatosha. Wezi wengi hutafuta nyumba ambayo hawatasikika, kwa hiyo kelele peke yake huwafanya wapite na kwenda mbele.

Ya pili ni kulinda mahali. Mbwa anazunguka ndani ya ukuta wa bohari, karakana au lupango, na anaona kila mgeni anayeingia bila mwenyeji kuwa tatizo. Mbwa huyo anahitaji ukuta imara, mlango unaofungwa vizuri, na mtu mmoja au wawili tu wanaomshughulikia.

Ya tatu ni kulinda mtu. Hapa mbwa anatembea kando ya bwana wake kati ya watu: sokoni, kwenye kituo cha teksi, wakati wa kufunga duka. Anapita karibu na watoto, mbuzi, pikipiki na walevi bila kujali. Anasimama kati ya bwana wake na hatari pale tu anapoamriwa au bwana wake anaposhambuliwa, na anaachia pale pale anapoambiwa aachie. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Inadai mbwa mtulivu kuliko wengine wote, ingawa watu wengi hufikiri inadai aliye mkali kuliko wote.

Ni rahisi kuelewa kwa nini watu wanaitafuta. Wabadilishaji pesa na mawakala wa pesa za simu katika miji ya Kivu wamekuwa wakivamiwa jioni wanapofunga kazi, na baadhi yao wameuawa. Mtu anayebeba pato la siku nzima kutoka kwenye meza yake hadi nyumbani anahitaji msaada. Swali ni kama mbwa anayemnunua anaweza kweli kuutoa.

Walikotoka mbwa hawa

Mbwa wanaotumiwa zaidi duniani kwa kazi hii walianza wakiwa mbwa wa wachungaji wa kondoo huko Ulaya. Mmoja wao ana uhusiano na nchi iliyotawala Kongo. Mnamo mwaka 1891, Wabelgiji waliunda mjini Brussels chama cha mbwa wachungaji wa nchi yao. Mwezi Novemba mwaka huo huo, profesa Adolphe Reul wa shule ya madaktari wa wanyama ya Cureghem aliwakusanya na kuwachunguza mbwa 117. Kutokana na kazi hiyo zikatambuliwa aina kadhaa, na moja yenye manyoya mafupi ya rangi ya kahawia na uso mweusi ikapewa jina la mji wa Malines: Malinois.

Mwaka 1899, polisi wa mji wa Gent nchini Ubelgiji walianza kuwatumia mbwa kwa doria ya usiku kwa mpango maalumu, na miji mingine ya Ulaya ikaiga. Mwaka huo huo huko Ujerumani, afisa wa zamani wa jeshi, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa aliyempa jina la Horand von Grafrath na kuanzisha chama cha mbwa mchungaji wa Ujerumani, yule ambaye wengi mjini humwita berje aleman. Mwaka 1907 Waholanzi wakaunda chama chao cha mbwa wa polisi, KNPV, ambacho hadi leo hupima mbwa kwa mitihani migumu.

Leo Malinois yupo katika vikosi vingi vya polisi na majeshi. Cairo, mbwa wa aina hiyo, alikuwa na makomando wa Marekani usiku walipomvamia Osama bin Laden huko Pakistan mwaka 2011. Diesel, Malinois wa polisi wa Ufaransa, aliuawa mwezi Novemba mwaka 2015 wakati wa operesheni ya Saint-Denis, siku chache baada ya mashambulizi ya Paris.

Kifo cha Diesel kina funzo kwa mnunuzi wa Goma au Lubumbashi. Mbwa hazuii risasi. Hata mbwa aliyefundishwa vizuri, akiwa na polisi wenye silaha pembeni yake, anaweza kufa kwa sekunde moja. Anachoweza kumpa mtu wa kawaida ni muda: dakika ya kuamka, kufunga mlango wa pili, kuita majirani, kukimbia. Mwuzaji anayeahidi kwamba mbwa wake atawashinda watu wenye bunduki anasema uongo.

Kongo nayo ina mbwa wake anayejulikana duniani. Basenji, mbwa mdogo mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, alitoka katika misitu ya nchi hii na kupelekwa Uingereza katika miaka ya 1930. Wawindaji wa msituni humvalisha kengele ya mbao shingoni kwa sababu si kawaida yake kubweka kama mbwa wengine, na bila kengele hawawezi kujua alipo. Ni mwindaji hodari, lakini kimya chake kinaonyesha jambo ambalo wanunuzi husahau: kila aina ya mbwa iliundwa na kazi fulani, na kazi moja haigeuki kuwa nyingine kwa fimbo.

Kumchagua: tazama moyo kabla ya meno

Wanaochagua mbwa wa kazi huanza na wazazi. Mama wa watoto anapaswa kuonekana kwa macho, si kwa picha ya simu. Kama mama anajificha nyuma ya sanduku akinguruma kila mtu anapopita, watoto wake wana nafasi kubwa ya kurithi woga huo au kujifunza kutoka kwake. Kama anamtazama mgeni, anamnusa, kisha anarudi kulala, hiyo ni dalili njema.

Halafu wanamtazama mtoto mwenyewe. Haitakiwi amwuume mtu. Kinachotafutwa ni namna anavyopona baada ya kushtuka. Mtu anaangusha sahani ya bati au fungu la funguo karibu naye. Kila mtoto wa mbwa atashtuka. Anayefaa ni yule ambaye baada ya muda mfupi anarudi kunusa kitu kilichoanguka. Anayekimbilia pembeni na kutetemeka kwa muda mrefu atakuwa na shida maisha yake yote katika mji wenye honi, radi na milio ya risasi.

Jaribio la pili ni kitambaa. Mtu anaburuta kitambaa kilichofungwa kwenye kamba. Mtoto mwenye hamu ya kazi anakifukuza, anakikamata kwa mdomo mzima na anang'ang'ania akivutwa. Hiyo ndiyo hamu ya kufukuza, na juu yake ndipo mafunzo mengi hujengwa. Hamu ya pili, ile ya kujitetea, huja baadaye mbwa anapokomaa. Mwalimu anayeichochea mapema mno kwa kumtisha mtoto wa mbwa anaharibu kazi kabla haijaanza.

La tatu ni uhusiano na binadamu. Mtoto anayemfuata mtu asiyemjua, anayerudi akiitwa kwa kupigiwa makofi, anayekubali kushikwa masikio na miguu bila vita, huyo anafundishika.

Majaribio haya hayatoi ahadi. Mtoto wa wiki nane anaweza kubadilika sana, na watoto wengi wa wazazi bora hawafiki mwisho wa mafunzo. Ndiyo maana watu wenye uzoefu wanaotaka mbwa wa kazi hununua aliyekwisha kupita mwaka mmoja, ambaye tabia yake inaonekana. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini mnunuzi anaona anachokilipia.

Afya nayo ni sehemu ya uchaguzi. Mbwa wakubwa kama mchungaji wa Ujerumani na Rottweiler wana ugonjwa wa nyonga unaopita kutoka kwa wazazi, na wauzaji waaminifu wa Ulaya huonyesha picha za eksirei za wazazi hao. Hapa kwetu mnunuzi anaweza angalau kumwangalia mbwa akipanda ngazi, akiruka na akikimbia, na kumpeleka kwa daktari wa wanyama kabla ya kulipa.

Wiki ambazo hazirudi

Watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha mwaka 1965 matokeo ya miaka mingi ya kuchunguza namna mbwa wanavyokua. Walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, mtoto wa mbwa ana mlango uliofunguka: anachokutana nacho bila kuumizwa katika muda huo atakiona kuwa cha kawaida maisha yake yote. Baada ya hapo mlango unaanza kufungwa, na vitu vipya vinamtisha.

Huu ndio wakati ambao familia nyingi humfungia mtoto wa mbwa nyuma ya nyumba ili, kama wanavyosema, asizoee watu. Wanapoteza wiki za thamani kuliko zote. Mbwa atakayelinda mtu mjini anapaswa kuzijua pikipiki, vichukudu, watu wenye miavuli, wazee wenye fimbo, akina mama waliobeba mizigo kichwani, watoto wanaopiga kelele. Akivijua vyote hivyo kuwa kawaida, ndipo siku ya hatari atakapotambua kwamba hiki ni tofauti.

Samaki mkunje angali mbichi, na methali hii ni kweli pia kwa mbwa. Lakini kumkunja si kumpiga. Ni kumpeleka kila siku mahali papya, akiwa na mtu anayemwamini, na kumrudisha nyumbani akiwa amefurahi.

Mafunzo: neno la mwisho ni "achia"

Mafunzo yenyewe yana hatua, na kila hatua inasimama juu ya ile iliyotangulia.

Kwanza ni kuaminiana. Mtu atakayefanya kazi na mbwa ndiye anayemlisha, anayemsafisha na kucheza naye. Mbwa anajifunza jina lake na anajifunza kwamba kumtazama mtu huyo kunaleta mema.

Pili ni utii. Keti, lala, njoo, kaa hapo, tembea kando yangu. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo usukani wa gari. Mbwa ambaye haji akiitwa wakati paka anapita hatakuja akiitwa wakati amemshika mtu. Familia inapaswa kukubaliana juu ya maneno. Kama baba anasema "assis" kwa Kifaransa, mama "keti", na watoto wanatumia Kilingala, mbwa anasikia kelele tu. Neno moja kwa jambo moja, kwa watu wote.

Tatu ni mchezo wa kung'ata. Unaanza na kitambaa, unaenda kwenye gunia lililokunjwa, kisha kwenye mkono wa bandia uliotengenezwa kwa kitambaa kigumu, na mwishowe kwenye koti nene linalofunika mwili mzima wa msaidizi. Msaidizi huyu, anayejifanya mwizi, ndiye mtu muhimu kuliko mbwa mwenyewe. Msaidizi mzuri anajua lini arudi nyuma ili mbwa apate ujasiri, lini amwachie kitu mdomoni kama zawadi, na lini asimame. Msaidizi mbaya anamtisha mbwa hadi anakata tamaa, au anamzoesha kuona kila mtu kuwa adui.

Nne ni kuachia. Hapa ndipo mbwa mlinzi anapotengana na mbwa wa hatari. Katika mitihani ya kimataifa ya mbwa wa kazi, mbwa anayemshika msaidizi lazima aachie kwa neno la bwana wake na abaki akimlinda bila kumgusa. Anayekataa kuachia hafaulu, hata kama anashika kwa nguvu za simba.

Mtihani unaojulikana zaidi, unaoitwa IGP, una sehemu tatu: kufuata nyayo, utii na ulinzi. Kila sehemu ina alama 100, na mbwa lazima apate angalau 70 katika kila moja. Aliye hodari wa kung'ata lakini dhaifu wa utii harudi nyumbani na cheti. Tena, kabla ya kuruhusiwa kuufanya, mbwa hupita mtihani wa kwanza wa tabia, ambapo anatembezwa kati ya watu, baiskeli, magari na mbwa wengine. Umri mdogo kabisa wa kufanya IGP ya kwanza ni miezi 18. Kwa hiyo mwuzaji anayesema mbwa wake wa miezi sita amemaliza mafunzo ya ulinzi anapaswa kuulizwa maswali mengi.

Tano ni kuhamisha kazi. Mbwa aliyefundishwa uwanjani tu anaweza kufikiri kwamba kazi ni ule mkono wa bandia. Mtu asiyeuvaa hamhusu. Kwa hiyo mazoezi yanahamia gizani, kwenye ngazi, ndani ya gari, kwenye mvua, na vifaa vinafichwa chini ya nguo za kawaida. Na hata baada ya hapo mafunzo hayaishi. Mbwa asiyefanya mazoezi hupoteza alichojifunza, kama askari asiyegusa silaha yake.

Funzo kutoka Virunga

Hakuna haja ya kwenda Ulaya kuona kwamba uvumilivu unazaa matunda kuliko fimbo. Mwaka 2011 hifadhi ya taifa ya Virunga, Kivu Kaskazini, ilianzisha kikosi cha mbwa wa aina ya Bloodhound kwa msaada wa Marlene Zahner, daktari wa wanyama kutoka Uswisi. Wengi wanakijua kwa jina la Congohounds.

Bloodhound ana masikio marefu, ngozi iliyokunjamana na uso wa huzuni. Hafundishwi kuuma. Kazi yake ni kufuata harufu ya mtu mmoja kwa masafa marefu, hata baada ya saa nyingi kupita. Walinzi wa hifadhi waliopewa mbwa hao walijifunza kwanza kuwalisha, kuwaosha na kucheza nao, kabla ya kujifunza kuwaongoza kwenye nyayo. Mbwa akimpata mtu aliyetafutwa, anasifiwa na kupewa zawadi.

Mwaka 2012 kikosi kiliitwa kazini kwa mara ya kwanza baada ya tembo kukutwa ameuawa na pembe zake zimekatwa. Mbwa walifuata harufu kwa karibu kilomita 7 hadi kwenye kijiji cha wavuvi. Siku chache baadaye walinzi walikutana na watu waliodhaniwa kuwa majangili, ambao walikimbia na kuacha silaha zao.

Kazi ya Bloodhound wa Virunga si ile ya Malinois anayemlinda mfanyabiashara, lakini msingi ni uleule: mnyama aliyechaguliwa kwa kazi yake, mtu mmoja anayemjua, zawadi kwa kazi njema, na mazoezi kila wiki.

Chakula, magonjwa na zamu

Mbwa wa kigeni aliyezoea baridi ya Ulaya anapata shida hapa. Kupe humletea magonjwa ya damu yanayoanza kwa homa na kukataa chakula, na katika sehemu zenye mbung'o anaweza kupata malale ya wanyama. Kumkagua kupe kila jioni, masikioni na kati ya vidole, ni sehemu ya kazi. Bukari peke yake haimjengi mbwa wa kazi. Anahitaji ndagala, nyama, mayai au maini, pamoja na maji safi saa zote na kivuli mchana. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka na kuweza kumchoma tumboni.

Malinois ana shida nyingine: hawezi kukaa bure. Akifungwa katika lupango ndogo bila kazi atazunguka mahali pamoja, atatafuna mlango, ataanza kujing'ata mkia. Mtu asiye na saa moja au mbili za kumtembeza kila siku ni afadhali amchukue mbwa wa kienyeji mwenye sauti nzuri.

Zamu naye lazima awe sehemu ya mpango. Katika nyumba nyingi zamu hubadilishwa mara kwa mara, na kila mpya anakutana na mbwa asiyemjua usiku wa kwanza. Wengine humpiga kwa hofu, wengine humfungia. Mbwa na zamu wanapaswa kutambulishwa mchana, mbele ya mwenye nyumba, kwa siku kadhaa, na zamu ajifunze maneno yale yale ya familia. Mbwa na zamu wanaoelewana ni walinzi wawili. Wasioelewana, kila mmoja anamlinda mwenzake, na mwizi anapita.

Sheria inasema nini

Watu wengi wanaamini kwamba kibao cha "Chien méchant" mlangoni kinawaondolea mashitaka. Sheria ya Kongo inazungumza wazi. Kifungu cha 261 cha kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, kinachotoka kwenye amri ya tarehe 30 Julai 1888 na kinachotumika hadi leo, kinasema kwamba mwenye mnyama, au anayemtumia, anawajibika kwa hasara ambayo mnyama huyo ameisababisha, akiwa chini ya uangalizi wake, akiwa amepotea au akiwa ametoroka. Mbwa akiruka ukuta na kumjeruhi mtoto wa jirani, mwenye mbwa ndiye atakayetafutwa kulipa.

Na kuna deni ambalo haliwezi kulipwa kwa pesa. Kichaa cha mbwa bado kinaua nchini, na watu wengi wanaokipata huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa anakufa. Mbwa wa ulinzi asiyechanjwa ni hatari kwa kila mtu ndani ya nyumba. Chanjo hutolewa kwa kawaida mbwa akitimiza miezi mitatu, na kurudiwa kama daktari wa wanyama atakavyoagiza.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Dawa za kienyeji, mafuta au majivu juu ya kidonda havizuii ugonjwa huo. Kusubiri kuona kama mbwa atakufa kumewagharimu watu maisha.

Maswali mlangoni mwa mwuzaji

Kwa anayefikiria kununua, wenye uzoefu wanashauri kuja na maswali machache na kutotoa pesa hadi yajibiwe. Mama yake yuko wapi? Amechanjwa lini, na karatasi ni ipi? Amelelewa ndani ya familia au ndani ya sanduku? Kama anasemekana amefundishwa, aonyeshe: aitwe akiwa anakula, apitishwe katikati ya watoto, amshike msaidizi, kisha aambiwe aachie. Mwuzaji anayeonyesha kung'ata tu na kukataa kuonyesha kuachia anauza tatizo.

Mnunuzi naye ajiulize maswali yake. Nani atamtembeza asubuhi? Nani atamlisha nikisafiri? Watoto wangu wanajua kutomsogelea akila? Ninataka kulindwa, au ninataka jirani waniogope?

Siku mbwa akiwa tayari, haonekani kama mnyama wa kutisha. Amelala kizingitini, mtoto anampita kwa kumruka, muuza mkaa anaingia, anashusha gunia na kutoka, naye anafungua jicho moja tu. Usiku, mkono usiojulikana unapogusa mlango wa lupango, yeye ndiye wa kwanza kusimama. Na bwana wake akisema basi, ananyamaza.